Nani Alimwosha Mama?



Mara hii hatuleti fundisho lililokwisha kuiva. Tunaleta swali ambalo linatusumbua tangu kilio kimoja tulichokaa kule Likasi, nasi tunaliandika hapa kwa sababu wengi wenu muko na mtoto, dada ao shangazi anayefanya kazi hiyo hiyo Ulaya ao Kanada, na maneno yaliyosemwa ndani ya kilio kile yanaweza kusemwa kesho ndani ya lupangu lenu.

Mama mzee mmoja alifariki. Mtoto wake wa kike, ambaye hapa tutamwita tu dada yetu, anaishi Brussels, nchi ya Ubelgiji, na kazi yake ni kuangalia wazee ndani ya nyumba ile ambayo watu wa kule wanaiita nyumba ya mapumziko. Wakati mama yake alipokata roho, yeye alikuwa zamu ya asubuhi. Simu ililia ndani ya mfuko wa blauzi ya kazi, hakuweza kuishika, kwa sababu mikono yake ilikuwa ndani ya maji na mipira, anaosha mwanamke mzee wa kule aliyekuwa na miaka 91. Aliposoma ujumbe ilikuwa saa nne. Akamaliza kuvalisha wengine wawili waliobaki, kisha akaenda kukaa chini ndani ya chumba cha kuwekea mashuka.

Hakuja kwenye maziko. Kwa sheria ya kule mfanyakazi akifiwa na mzazi anapewa siku 3. Mwenye kujua safari ya kutoka Brussels mpaka Lubumbashi, kupitia Addis Ababa, na kisha barabara ya Likasi, yeye mwenyewe ahesabu kama siku 3 zinafika. Alituma makuta ya sanduku na ya chakula cha watu. Sanduku lilikuwa zuri, kila mtu aliliona.

Ndipo mjomba, kaka ya marehemu, akasimama mbele ya watu usiku wa pili na kusema: “Mtoto wetu huyu ameosha mama wa watu miaka 14. Mama yake yeye, nani alimwosha?” Watu wakanyamaza. Wengine kati yetu tuliokuwa pale tulitikisa kichwa kuonyesha kwamba ni kweli. Leo hatuna hakika tena kama tulifanya vema kutikisa kichwa.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni nini, kwa maana mtu hawezi kuhukumu kazi asiyoijua. Sisi tunaona picha zake, dada amevaa nyeupe, nyuma yake korido inayong'aa, na tunafikiri yuko ndani ya ofisi. Hatuoni harufu. Anaingia saa moja asubuhi. Anapewa karatasi yenye majina 12. Mpaka saa nne watu hao 12 wanapaswa kuwa wameamshwa, wameoshwa, wamebadilishwa vitambaa vya usiku vilivyojaa mkojo na mavi, wamechanwa nywele, wametiwa meno yao, wamekaa mbele ya kahawa. Hesabu ni nyepesi: dakika 15 kwa mtu mmoja. Lakini mzee haamki kwa dakika. Kuna yule ambaye magoti yamekakamaa, hayanyooki. Kuna yule ambaye kila asubuhi anafikiri mgeni ameingia kumwibia, anapiga kofi na kuuma. Kuna yule anayetaka tu kusema ndoto yake, na ndoto ya mzee ni ndefu. Dada yetu anasema kwamba akimsikiliza mmoja mpaka mwisho, mwingine kwenye mwisho wa korido atakuwa analia ndani ya unyevu wake. Kila asubuhi anachagua atakayemwibia dakika. Neno kuiba ni lake, hatukulitunga sisi.

Mgongo unaharibika. Iko mashine ya kuinua mtu mzito kwa kamba na kitambaa, lakini mashine ni moja kwa korido nzima, na kuingoja kunakula dakika, basi wanainua kwa mikono. Usiku wanabaki watu wawili kwa nyumba nzima, na kengele zinaita kutoka vyumba vitano kwa wakati mmoja. Jumapili wanakuja watoto wa wale wazee, wamevaa vizuri, wanauliza kuhusu sweta ya bluu iliyopotea ndani ya kufua. Hawaulizi nani alikesha na baba yao wakati alipokuwa na hofu ya kufa. Tusiwe na ukali sana juu yao: labda wanauliza sweta kwa sababu ndilo jambo pekee wanaloweza kuuliza bila kulia.

Na mzee akifa, wanafungua dirisha, wanamwosha mara ya mwisho, nguo zake zinatiwa ndani ya mifuko, na baada ya siku chache jina lingine linabandikwa juu ya mlango. Dada yetu hakuzoea jambo hili. Kwetu mtu akifa tunalala chini, tunaimba, tunakula pamoja, tunagombana kuhusu mali, na maumivu yanapata njia ya kutoka. Kule anaingia chumba cha pili na kusema habari ya asubuhi.

Tuongeze neno moja juu ya masomo yake, maana mjomba alisema pia kwamba amekwenda kuwa boyi wa Wazungu. Dada huyu alisoma uganga wa A1 hapa Lubumbashi. Kule, cheti cha nchi yetu kinahitaji ekivalansi, nayo inachukua muda na makaratasi mengi. Akaanza kwa kufagia, kisha akasoma upya ili akubaliwe kuwa msaidizi wa waganga. Yeye anayeweza kutia dawa ndani ya mshipa aliambiwa kwa miaka mingi kwamba anaweza tu kushika kitambaa cha kuosha. Jambo hili lilimuuma kuliko mavi.

Sasa tunafika mahali ambapo barua yake ilitushinda.

Ndani ya nyumba ile aliletwa mzee mmoja mwanaume, aliyefanya kazi Katanga mbele ya mwaka 1960. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekula karibu kila kitu ndani ya kichwa chake. Watu wenye ugonjwa huu wanapoteza kwanza mambo ya jana, na mambo ya ujana yanabaki nyuma, kama mawe baada ya mvua kuchukua udongo. Kwake, kilichobaki ni Jadotville. Na pamoja na Jadotville kilibaki Kiswahili, lakini kile Kiswahili cha amri tu, ambacho wazee wetu wanakikumbuka: leta mayi, pika, toka hapa, mbio! Asubuhi ya kwanza dada yetu alipoingia na beseni, mzee alimwona, uso wake ukafurahi, akamwamuru kwa Kiswahili alete maji upesi. Yeye, mtoto wa Likasi, yaani wa Jadotville yenyewe, aliyesikia kwa babu yake namna watu walivyochapwa fimbo kwa sababu ya chai iliyopoa.

Aliweka beseni chini, akatoka. Siku ile mzee alioshwa na mwenzake, mama mmoja wa Maroko.

Siku ya pili alirudi. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Mkuu wa zamu alikubali kumbadilishia korido. Alirudi, anasema, kwa sababu alijua ni yeye peke yake ndani ya nyumba nzima anayefahamu anachosema mzee yule. Wengine walifikiri anapiga kelele za wazimu. Yeye alisikia kwamba ana kiu.

Na baada ya miezi, usiku, mzee akaanza kuogopa na kuita jina moja. Halikuwa jina la mke wake wala la mtoto wake. Lilikuwa jina la boyi wake wa zamani, mtu wa kwetu, ambaye bila shaka amekwisha kufa. Aliita mpaka sauti ikakauka. Dada yetu akasimama mlangoni, na mara ya tatu akaitika: “Ndiyo bwana.” Mzee akalala.

Wandugu, tulipoisoma sehemu hii kwa sauti kati yetu, tuligawanyika. Mmoja wetu, papa mwenye umri mkubwa, alipiga meza. Alisema kwamba heshima ya mtu si mali yake peke yake, kwamba wale waliokufa wakiwa wanaitwa boyi wana sehemu yao ndani ya jibu lile, na dada hakuwa na ruhusa ya kuitika kwa niaba yao. Mwingine alisema: kama mtoto mdogo mwenye homa anakuita kwa jina la mbwa wake, utamsahihisha? Papa akajibu kwamba mzee yule hakuwa mtoto mdogo, alikuwa mtu aliyekula matunda ya wakati ule, na kusahau hakufuti deni.

Tunafikiri papa ana haki juu ya deni. Kusahau hakulipi kitu. Lakini deni lile halikuwa la kulipwa pale, usiku, na mtu anayetetemeka ambaye hajui tena yeye ni nani. Kulidai deni kunahitaji mtu wa kuliitikia, na ndani ya kitanda kile hakukuwa na mtu wa kuliitikia tena, palibaki mwili wenye hofu tu. Dada yetu hakutuandikia kwamba amemsamehe. Hakutumia neno hilo hata mara moja, nasi tunamshukuru kwa sababu wengi wanalitumia haraka sana. Aliandika tu: “Hakuna aliyeniona, na sikujisikia mdogo.” Kama yeye ambaye alikuwa pale hakujisikia mdogo, sisi tulio huku tunaona vigumu kumpunguza.

Lakini ndipo swali lenyewe linaanza. Alilipwa. Kwa ile “ndiyo bwana” alikuwa ndani ya saa zake za kazi, na mwisho wa mwezi makuta yaliingia banki. Je, mkono wa kulipwa unaweza kupenda? Mjomba anafikiri hapana. Kwake kuosha mzazi ni deni la damu, na ukilipwa umeuza kitu ambacho hakiuzwi.

Tumejaribu kulifikiri jambo hili kwa namna nyingine. Kwetu, ndani ya mila nyingi za Katanga na Kivu, mtoto wa kiume hawezi kuona uchi wa mama yake. Mkwe ndiye mbaya zaidi, hata njia moja hawapiti. Mnajua hadithi ya Nuhu, na namna wana wake wawili walivyotembea kinyumenyume na nguo mabegani. Basi mzazi akizeeka na kushindwa kwenda choo peke yake, nani anamwosha? Mjukuu, kwa sababu wajukuu na babu wanataniana. Dada yake, kama angali hai. Na pengine, tuseme ukweli, hakuna mtu, na mzee analala namna alivyo mpaka jioni, siyo kwa sababu watoto hawampendi, ni kwa sababu upendo wao una haya. Mgeni mwenye mshahara anaingia mahali ambapo mtoto hawezi kuingia. Mshahara unamfunika yeye na unamfunika mzee: mzee anaweza kujiambia, huyu anafanya kazi yake, sina aibu ya kumpa. Wazee wengi wa kule, dada yetu anasema, wanakubali kuoshwa na yeye na kukataa kabisa mtoto wao aguse kitambaa. Mshahara hapo haukufukuza upendo. Uliufungulia mlango.

Mshahara unanunua mikono na dakika. Haununui ile sekunde ambamo mtu anajaribu kwanza maji kwa kiwiko chake mbele ya kuyamwaga juu ya mgongo wa mwingine. Sekunde ile inatolewa bure, ndani ya saa iliyolipwa. Kwa hiyo ubaya hautoki kwa malipo. Ubaya tunauona mahali pengine, kwa yule anayepanga saa hiyo na kuibana mpaka hakuna tena nafasi ya kutoa kitu bure. Mwaka 2022 mwandishi mmoja wa Ufaransa, Victor Castanet, alitoa kitabu kinachoitwa Les Fossoyeurs, maana yake wachimba makaburi, juu ya kampuni kubwa yenye nyumba za wazee. Alionyesha namna hata vitambaa vya mkojo vilivyohesabiwa na kupunguzwa ili faida iongezeke, ndani ya nyumba ambamo familia zinalipa makuta mengi sana. Nchi ilitikisika. Lakini fikirini aliyekuwa mlangoni siku ile, mwenye kitambaa kimoja na wazee wawili. Hakuwa mwenye kampuni. Alikuwa mama wa kazi, mara nyingi mgeni, na mbele ya mzee aliyelowa ni uso wake yeye ulioonekana kuwa uso wa ubaya. Hiyo ni dhuluma ya namna ya pekee: kumpa mtu kazi nzuri, kisha kumnyima njia ya kuifanya vizuri, na kumwacha na aibu.

Ufaransa hiyo hiyo ilikwisha kuonywa. Mwezi wa 8 mwaka 2003 joto kali liliua watu karibu 15 000, wengi wao wazee, wengine peke yao ndani ya nyumba zao wakati familia na majirani walikuwa likizo. Mwaka uliofuata serikali ikaweka sheria kwamba wafanyakazi watafanya kazi siku moja zaidi kwa mwaka, makuta yake yasaidie wazee na vilema, na siku iliyochaguliwa kwanza ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste. Watu walinung'unika sana. Sisi tunaona haikuwa wazo baya. Tunauliza tu kama siku moja ya kazi inaweza kujaza kiti kitupu kando ya kitanda.

Na mwaka 2020 ulikuja. Dada yetu haandiki mengi juu ya mwaka ule. Mwezi wa 3 milango ya nyumba za wazee ilifungwa, familia zikabaki nje ya dirisha. Barakoa zilikosekana, walishona wenyewe. Ndani ya miezi ile ya kwanza, zaidi ya nusu ya watu wote waliokufa kwa Covid kule Ubelgiji walikuwa wakaaji wa nyumba hizo. Waganga Wasio na Mipaka, wale ambao sisi tumezoea kuwaona Kivu na Ituri, waliingia ndani ya nyumba za wazee za Brussels kusaidia na kufundisha, jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa la kulia. Kila jioni saa mbili watu walisimama madirishani na kupiga makofi kwa ajili ya waganga na wasaidizi wao. Dada yetu aliyasikia makofi akiwa kwenye kituo cha basi, na mwanaume mmoja kituoni akahama benchi alipoona sare yake.

Kule Kanada, jimbo la Québec, ambako wandugu wetu wengi wamekwenda, waliitwa malaika walinzi na mkuu wa serikali mwenyewe. Wengi wa malaika hao walikuwa waomba hifadhi, Wahaiti na Waafrika, wasiojua kama watafukuzwa kesho. Mwezi wa 12 mwaka 2020 mpango ulifunguliwa ili wapate ruhusa ya kukaa, lakini kwa wale tu waliogusa wagonjwa. Aliyefagia chumba hicho hicho na aliyelinda mlango huo huo, mpango haukuwapokea. Tunasimulia hili kwa sababu linaonyesha namna watu wanavyopenda kukata kazi ya huruma vipande vipande, na kulipa kipande kinachoonekana.

Ngojeni, msifurahi mapema mkisema kwamba Wazungu wanatupa wazazi wao na sisi hapana. Tumesikia maneno hayo mara nyingi, hata midomoni mwetu. Ni kweli kwamba ndani ya hospitali zetu mgonjwa halali peke yake. Ndugu anatandika mkeka chini ya kitanda, analeta bukari, anaosha, anakimbia kununua dawa. Ni jambo kubwa, tusilipoteze. Lakini ni kweli pia kwamba ndani ya miji yetu, wakati mtoto anakufa ao kazi inapotea, macho yanamgeukia bibi mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka 60, naye anaitwa mchawi, na anatupwa nje na matambara yake. Nyumba chache za wazee tulizo nazo, nyingi zikiwa mikononi mwa masista, zimepokea watu kama hao. Wanaishi kwa zawadi, leo unga, kesho hakuna. Na mama anayewapikia na kuwaosha pale, mara ngapi mshahara wake umefika kwa tarehe yake? Hakuna aliyempigia makofi mwaka 2020 wala mwaka mwingine.

Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inasema kwamba mtoto anapaswa kumlisha mzazi aliye na shida. Sheria ya Ubelgiji nayo inasema hivyo, na ofisi ya msaada ya kule inaweza kumdai mtoto sehemu ya malipo ya nyumba ya wazee. Kumbe nchi mbili zinakubaliana. Zote mbili zinaweza kuamuru chakula na makuta. Hakuna inayoweza kuamuru mkono.

Basi turudi Likasi. Dada yetu aliposikia maneno ya mjomba, alituandikia: “Kila mzee niliyemwosha, nilimwosha mama.” Ni neno zuri, na wengi wangeliishia hapo. Sisi hatulikubali kabisa. Tunaamini kwamba alifikiri hivyo kwa moyo safi. Lakini mama yule aliyelala Likasi hakuhisi maji yale ya Brussels. Ngozi yake ilikuwa hapa. Mtu hawezi kuoshwa kwa nia. Ndani ya swali la mjomba mna ukweli huu mmoja, na dada yetu atauchukua maisha yake yote, hatuna dawa yake, wala hatutamdanganya kwamba sanduku zuri ni dawa.

Lakini mjomba aliuliza swali bila kungoja jibu. Nani alimwosha mama? Jibu lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba, mbele ya moto, linageuza bukari ya watu wa kilio.

Ni mtoto wa dada yake mdogo, msichana wa miaka 17. Tangu bibi alipoanguka na kupooza upande mmoja, miaka 3, ni yeye aliyeamka saa kumi na moja, akachota maji, akayapasha, akamgeuza bibi ili mgongo usitoboke vidonda. Hakuna aliyemfundisha kugeuza. Shangazi yake alimwonyesha kwa simu, kutoka Brussels, baada ya zamu, kwa kutumia mto. Ndiyo, ni vizuri tulijue hili: ujuzi ambao ulilipwa kule ulipita ndani ya simu ukafika mikononi mwa mtoto, na bibi alikufa bila kidonda hata kimoja. Makuta ya shangazi yalinunua sabuni, dawa na chakula. Lakini msichana mwenyewe hakulipwa kitu. Aliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, kwanza kwa wiki mbili, kisha basi. Hakuna aliyeamua kwamba aache. Kila mtu alidhani mwingine ameamua. Mjomba, anayeishi mitaa miwili kutoka pale, alikuja Jumapili kusalimu, akakaa kwenye kiti, akaulizia usingizi wa mgonjwa.

Hatumwandiki ili kumwaibisha. Naye ameisoma karatasi hii mbele ya kutoka, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema ichapwe. Sisi wenyewe tulipita ndani ya lupangu lile mara nyingi kuomba pamoja na mgonjwa. Tulimwona mtoto na beseni. Tulimwambia “asante mama” namna tunavyowaambia watoto wa kike, tukaendelea na njia yetu. Kule Brussels angehesabiwa kuwa mfanyakazi, angekuwa na zamu, na siku ya mapumziko, na mtu wa kumdai mshahara wake. Hapa alikuwa mjukuu mwema. Kumwita mjukuu mwema hakukutugharimu kitu.

Baada ya siku 40 familia ilikaa, nasi tuliitwa. Dada yetu alikuwa ndani ya simu, iliyowekwa juu ya meza kati ya glasi. Alisema kwamba atamlipia msichana masomo ya uganga mpaka mwisho, kwa kuwa mikono yake imekwisha kujua kazi, na siku moja anaweza kumfuata Ulaya. Wote waliona ni neno la kufaa. Mwenyekiti alikuwa tayari kufunga kikao.

Ndipo mmoja wetu akaomba msichana mwenyewe aulizwe. Akaitwa kutoka jikoni, akakaa pembeni ya mkeka. Alisema anampenda bibi yake na hajuti hata siku moja. Kisha akasema hataki kuosha mtu mwingine tena. Anataka kumaliza sekondari, na kisha kusoma umeme.

Simu ilikimya, tukafikiri imekatika. Halafu dada yetu akasema: “Basi, umeme.”

Minervali ya miezi mitatu ya kwanza imelipwa na mjomba. Ya miezi inayofuata bado tunaiongea.